Jukwaa Lilikuwa Tupu

"Niliangalia," alisema Mzee Lango. "Jukwaa lilikuwa tupu."

Inspekta aliacha kuandika. Alikwisha kumhoji huyu mzee mara kadhaa, na neno hilo lilikuwa halijamtoka kinywani hata siku moja. Walikuwa wameketi katika chumba cha mahojiano cha kituo, chumba chenye meza inayoyumba na dirisha linalotazama choo, na kwa sababu hiyo hakuna askari aliyependa mahojiano marefu.

"Jukwaa gani, Mzee?"

"La viatu."

"Viatu vya nani?"

Mzee Lango akamwangalia kwa mshangao wa kweli. "Vya watu walio ndani ya mtaro. Kwani hamjui?"

Hawakujua. Jalada zima lilikuwa na neno moja, na kila shahidi alilirudia: hakuangalia. Mlinzi wa lango la maji, mwajiriwa wa manispaa, alifungulia maji bila kuangalia, na mwanamke aliyekuwa bado ndani ya mtaro akafa. Hakuangalia nini? Hakuna askari aliyeuliza, Inspekta mwenyewe akiwamo. Jambo ambalo mtaa mzima unalijua, hakuna anayejisumbua kumwambia polisi, na polisi naye kwa uvivu wake hujaza pengo anavyotaka.

"Nieleze toka mwanzo. Nichukulie kama mtu asiyejua kitu."

Koplo, aliyekuwa ameegemea mlango, akakohoa ili asicheke. Inspekta alimtupia jicho, na kikohozi kikapona hapohapo.

Mzee akaeleza. Mtaro mkuu unapita chini ya soko, unakata barabara kwa chini, unatokea bondeni mtoni. Miaka nenda miaka rudi ulikuwa umeziba kwa mifuko ya plastiki, na mvua ikinyesha maji machafu yaliingia vyumbani mwa watu bila hodi. Wananchi waliilaumu manispaa, manispaa iliwalaumu wananchi, na taka zikakaa palepale zikiwasikiliza. Ndipo akajitokeza mwalimu wa chekechea, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuzoea kelele za watoto. Akaenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya manispaa siku baada ya siku, mpaka wakaona ni nafuu kumsikiliza. Mtaani wakambatiza jina la Bi Mfereji kwa kumcheka. Yeye akalipenda, akawa anajitambulisha hivyo hata kwa meya.

Makubaliano yakawa mepesi. Manispaa itatoa lori, makoleo, mabuti ya mpira na mtu wa lango. Wananchi watatoa mikono yao. Siku ya usafi lango la juu linafungwa, watu wanaingia mtaroni kukokota taka, na wakishatoka lango linafunguliwa ili maji yasukume kilichobaki. Kazi ilifanyika, na mto wa bondeni ukaanza kuwa na rangi ya maji.

"Mwanzoni nilihesabu watu kwa macho," alisema mzee. "Mmoja anaingia, wengine wanatoka, huyu kasahau koleo anarudi, nachanganyikiwa. Bi Mfereji akasema, darasani kwangu watoto huvua viatu mlangoni. Nikiona viatu, najua mtoto yumo. Basi na sisi tuvue. Kila mtu anaacha viatu vyake jukwaani, anavaa mabuti ya manispaa, anaingia. Akitoka anachukua vyake. Viatu vikiisha, napuliza filimbi, nafungua."

"Na siku ile?"

"Viliisha."

"Vya marehemu Bi Mfereji ungevitambua?"

"Kandambili za kijani, kamba ya kulia kaifunga kwa waya mwekundu. Nani asiyezijua? Hazikuwepo, Inspekta." Alijifuta macho kwa kiganja. "Yule mama aliwahi kunishtaki ofisini kwamba nasinzia kazini. Kweli nilikuwa nasinzia. Toka siku hiyo sikusinzia tena."

Kesho yake asubuhi alikuwa apelekwe mahakamani kujibu shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe. Alikuwa karibu kustaafu, na katika mahabusu alikuwa amevaa bado koti la manispaa, kwa kuwa hakuna aliyemletea nguo nyingine. Mkewe aliogopa kupita mtaani.

*

Lango lilikuwa nyuma ya soko: gurudumu la chuma juu, mdomo wa mtaro chini, na kando ya mdomo jukwaa la zege lenye upana wa kitanda. Lori la manispaa lilikuwa limeegeshwa karibu, makoleo yakiwa ndani yake, na ubavuni mtu alikuwa ameandika kwa mkaa: WAUAJI. Tangu kifo kile hakuna mwananchi aliyegusa koleo. Mifuko ilikuwa imekwisha kuanza kurudi, imejibana mdomoni mwa mtaro.

Watu wawili walikuwa wanamsubiri Inspekta, mmoja kila upande, wala hawakuwa wamesalimiana. Mmoja alikuwa Afisa Mazingira wa manispaa, kijana mwenye tai. Mwingine alikuwa Fundi Cherehani, makamu wa Bi Mfereji kwenye kamati ya wananchi, mwanamke mnene aliyevimba macho kwa kulia.

Inspekta alikuwa na dhana moja, na ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote. Kandambili zilikuwepo, mzee hakuzitazama, maji yakazisomba. Kama ni hivyo, Mzee Lango ni muongo, na kesi imekwisha. Akavua viatu vyake vya kazi, akavipanga juu ya jukwaa. Koplo akaona kidole gumba cha bosi wake kikichungulia kwenye soksi, akageuka haraka kutazama mawingu.

"Fungua," Inspekta alimwambia Afisa Mazingira.

"Kabisa?"

"Kama siku ile."

Gurudumu likalia. Maji yakaruka kutoka langoni, yakaingia mtaroni kwa kishindo ambacho kilimfanya Fundi Cherehani azibe masikio. Inspekta hakuondoa macho yake jukwaani. Maji yalipita chini yake, yakapiga ukuta wa pili, yakamezwa na giza. Alipoinama kuvichukua viatu vyake, vilikuwa vikavu, na zege lililovibeba lilikuwa na vumbi lake.

"Hazikusombwa," alisema.

Lango lilipofungwa alimgeukia Fundi Cherehani. "Dada, siku ile nani alitoka mtaroni wa mwisho?"

"Mimi. Yaani nilidhani ni mimi."

"Ulipochukua viatu vyako, vilibaki viatu gani?"

Fundi Cherehani alitazama lile neno la mkaa ubavuni mwa lori, kisha akatazama chini.

"Dada, nakuuliza."

"Hakukubaki kitu."

"Mbona kwenye maelezo yako hakuna hilo?"

"Sikuulizwa."

"Lakini uliulizwa kama mzee aliangalia, ukasema hakuangalia."

"Kila mtu alisema hivyo! Ningesema nini mimi? Mwenzangu yuko kwenye sanduku, niende kumtetea mtu wa manispaa?" Akaketi ukingoni mwa jukwaa. "Alibaki kuvuta gunia lililokwama kwenye kona, akaniambia nitangulie. Nilipofika juu nikaona kandambili zake hazipo, nikadhani amenipita gizani. Mumewe alikuwa anarudi safari siku hiyo. Asubuhi nzima humo ndani alikuwa anaimba. Nikasema huyo keshakimbilia kwa mume. Nikaenda kwenye lori kunywa chai. Maji yalipopita nilikuwa nakunywa chai, Inspekta, na nilikuwa nacheka."

Afisa Mazingira alilegeza tai yake, akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo mtu wetu hana kosa."

"Hana kosa?" Fundi Cherehani aliruka. "Sisi tulikuwa chini wote. Hapa juu alibaki nani? Yeye peke yake! Na mwenzangu aliwahi kumshtaki!"

Inspekta alipompigia simu mkuu wa kituo, jibu lilikuwa lilelile, ila kwa sauti ya mtu aliyeridhika. "Safi sana. Kumbe aliziondoa mwenyewe. Huo si uzembe tena, Inspekta, hayo ni mauaji. Badilisha shtaka, kesho aende nalo."

Alikuwa amevua viatu vyake pale kutafuta ukweli, akaishia kumkaza mzee kitanzi. Alivivaa bila kufunga kamba, akampa Koplo ishara waondoke.

*

"Bosi," Koplo alisema njiani, "mtaa huu viatu vikipotea, watu hawaendi polisi. Wanaenda kwa Chupa."

Chupa alikuwa muokota chupa za plastiki, mtu wa makamo mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Walimkuta kando ya barabara akikanyaga chupa ziwe bapa. Kabla hawajafungua mdomo alikwisha kuinua mikono.

"Sijaiba."

"Hatujakuuliza," alisema Koplo.

"Najua mtakachouliza."

Gunia lake lilikuwa na viatu ndani: cha mtoto kimoja, raba zisizo na soli, buti la kushoto lisilo na mwenzake. Inspekta alivitoa kimoja kimoja, akavipanga chini. Cha kijani hakikuwepo.

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Kule langoni. Siku ya usafi wananitolea chupa nyingi, nisiende?"

"Uliona mtu akigusa viatu jukwaani?"

Chupa akakanyaga chupa nyingine, polepole. "Nikisema nimeona, mtasema ni mimi."

"Sema."

"Niliona mwanamume. Kashuka toka barabara kuu, begi kubwa mgongoni, anapiga mluzi. Akasimama juu ya jukwaa, akatazama viatu vyote, akacheka peke yake. Akainama, akachukua kandambili za kijani, akazisukumia ndani ya shati, akaenda zake."

"Mzee Lango alikuwa wapi?"

"Alikuwa kampa mgongo, anapaka grisi gurudumu. Watu walikuwa chini bado, wote."

"Mtu huyo unamjua?"

"Si wa kila siku hapa. Sura nimeiona, ila jina sina."

"Na hukumwambia mtu yeyote?" Inspekta alishindwa kuzuia sauti yake isipande. "Mzee wa watu yuko ndani, na wewe unakanyaga chupa?"

Chupa alimtazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza. "Inspekta, mimi nikipiga kelele kwamba viatu vimeibwa, kabla sijamaliza nani anapigwa?"

Waliondoka. Njia nzima Koplo alikuwa anapanga washukiwa kwa vidole: kuna kiwanda cha rangi ambacho Bi Mfereji alikisumbua mpaka kikafunga bomba lake la siri, kuna mwenye gereji aliyepigwa faini ya kumwaga oili. Mmoja wao angeweza kutuma mtu, mgeni, mwenye begi. Inspekta alikuwa anasikiliza nusu. Mtu aliyetumwa kuua, alijiuliza, anapigaje mluzi?

*

Msibani, watu wa mtaa walikuwa wamekaa juu ya mikeka uani. Viti vya plastiki vilivyoletwa na manispaa vilikuwa vimerundikwa nje ya uzio, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuvikalia, hata wazee wenye magoti mabovu. Mazungumzo yalikatika polisi walipoingia. Koplo alibaki uani.

Mama mzazi wa Bi Mfereji alikuwa chumba cha mbele, anakunja nguo za binti yake. Alikuwa anakunja, anakunjua, anakunja tena. Mjukuu wake, mtoto bado wa kubebwa, alikuwa amelala kwenye mkeka pembeni yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mmemaliza na yule mzee?"

"Bado kidogo. Nina swali, Mama, na usilione la ajabu. Kandambili za binti yako, zile za kijani. Kuna mtu yeyote unayemfikiria angezichukua?"

Mama aliinua uso. Na hapo Inspekta aliona kitu ambacho hakukitarajia katika nyumba ile: mama alitabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, lenye machozi ndani yake, la mtu aliyeguswa pahali pazuri.

"Wa kumwibia viatu mwanangu ni mmoja tu duniani," alisema. "Mkwe wangu. Toka wakiwa wachumba. Alikuwa akija kumtembelea, binti yangu akitaka kumsindikiza, viatu havionekani! Ukali utasikika mpaka kwa jirani. Huku bwana kakaa, kimya, kama malaika. Basi ikawa ndiyo desturi yao. Yeye ni dereva wa malori, unajua, anapotea miezi. Akirudi, salamu yake ya kwanza ni hiyo. Mwanangu anaanza kupekua kila kabati, anagomba, anacheka." Akaikandamiza nguo aliyokuwa ameishika. "Safari hii hata nafasi hakuipata, maskini."

Inspekta alisikia sauti za uani zikiendelea, mtu anaomba maji ya kunywa. Kwenye msumari nyuma ya mlango lilining'inia begi kubwa la mgongoni, lenye vumbi la safari ndefu. Alitamani asingeliona. Alitamani angezaliwa mwashi, au mkaanga mihogo, au mtu yeyote asiyelazimika kwenda chumba cha pili.

"Yuko wapi mkweo, Mama?"

"Huko nyuma. Mwambie ale, mimi kanishinda."

*

Dereva alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mtu mpana mwenye mikono ya usukani, ndevu zake hazijanyolewa. Sahani ya chakula ilikuwa chini, haijaguswa. Siku ya mazishi alimshika Inspekta mkono akamwambia, mbele za watu, kwamba asipompata na hatia yule mtu wa lango yeye atamtafuta mwenyewe.

"Wamemfunga?" aliuliza.

"Kesho anapelekwa mahakamani."

"Afungwe. Afie humo. Mtu umepewa kazi moja, kuangalia tu, na huangalii." Alitikisa kichwa. "Samahani, Inspekta. Silali."

Inspekta aliketi kwenye kigoda. Angeweza kuinuka akaondoka. Angeandika ripoti yake nje, akaisoma mahakamani, na mtu huyu akaisikia kutoka kinywani mwa karani. Lakini kuna mambo ambayo mtu hana budi kuambiwa na mtu.

"Siku ile lori lako uliliacha wapi?"

"Barabara kuu."

"Ukaja nyumbani kwa njia ipi?"

"Ya langoni. Ndiyo ya mkato."

"Ulimwona mkeo?"

"Walikuwa chini bado. Nilisikia sauti yake humo ndani, anaimba." Akasugua ndevu. "Niliviona viatu vyake."

"Ukafanya nini?"

Uso wake ulilegea, na kwa muda mfupi akawa kijana. "Mama amekueleza upuuzi wetu? Nikazichukua. Nikasema leo atakuja peku, au na mabuti ya manispaa mguuni, amenuna hadi hapa. Nikazificha juu ya kabati. Ziko hapo hapo mpaka sasa, sijaweza kuzigusa. Nikaoga, nikajilaza hapa, namsubiri aje agombe." Akatazama mlango. "Nikasikia watu wanapiga yowe. Nilidhani ni moto."

Inspekta aliinua macho, akatazama juu ya kabati. Dereva, aliyezoea kusikiliza injini na kujua kitu kinapokwenda kombo, akageuka kumtazama.

"Kwa nini unaniuliza viatu?"

"Hujawahi kuambiwa jinsi walivyofanya kazi kule?"

"Najua manispaa inafunga maji, wao wanazoa. Kwenye simu tulikuwa tunaongea habari za mtoto. Mtandao wenyewe wa kukatika. Kuna nini?"

Akamwambia. Alimwambia kwa maneno machache na kwa mpangilio, kama alivyofundishwa kusoma maelezo: kila anayeingia huacha viatu jukwaani, kila anayetoka huchukua vyake, mlinzi hutazama jukwaa, likiwa tupu hupuliza filimbi na kufungua. Kwenye kona alikokuwa Bi Mfereji filimbi haifiki.

Dereva hakupiga kelele.

"Kwa hiyo yule mzee aliangalia."

"Aliangalia."

"Utaratibu huo nani aliuweka?"

Inspekta alitamani swali hilo asiulizwe. "Mkeo. Aliutoa darasani kwake."

Akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Sauti iliyomtoka haikuwa kilio, ilikuwa pumzi tu, inatoka na kutoka na haiingii. Inspekta alimwekea mkono mgongoni. Haikuwa kazi yake, na vitabu vya polisi vinakataza, lakini alikuwa anataka na yeye kushika kitu.

Mama alikuwa mlangoni. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini, ila nguo aliyokuwa anaikunja ilikuwa imeanguka chini, naye hakuiokota. Akaingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Nani mwingine anajua?" alimwuliza Inspekta.

"Mimi tu, Mama."

"Basi liishie hapa."

"Mama..." alisema Dereva.

"Nyamaza. Mtoto kabaki na mzazi mmoja. Wale waliokaa hapo nje unawajua? Leo wanalia na wewe, kesho watakuita muuaji wa mke wako, na mtoto atayasikia hayo mpaka aote mvi. Yule mzee ni mtu mzima, ana watoto wakubwa. Mimi sijali. Mwanangu amekufa, sijali." Akamgeukia Inspekta. "Nakuomba, mwanangu Inspekta. Nakupigia magoti."

Alianza kweli kupiga magoti, mwanamke wa umri ule, na Dereva ndiye aliyemwahi, akamshika mabegani kabla hajafika chini. Walisimama hivyo, mkwe na mama mkwe, kila mmoja anamzuia mwenziwe asianguke.

"Mama, mzee wa watu alifanya kazi yake," alisema Dereva. "Wewe unamjua mwanao. Angekuwa hapa angekubali?"

Mama alimjua mwanawe. Aliyekaa kwenye benchi la manispaa mpaka watu wakamchoka hakuwa mtu wa kukubali jambo kama hilo. Akajifuta uso kwa ncha ya nguo yake.

"Nishike mkono basi," alisema. "Hutatoka peke yako."

Walitoka uani wameshikana. Inspekta aliwafuata. Baadhi ya watu wakaanza kuinuka, wakidhani wameletewa habari ya hukumu. Fundi Cherehani alikuwa amefika, amekaa karibu na uzio. Dereva alisimama katikati ya mikeka.

"Mzee Lango aliangalia," alisema. "Jukwaa lilikuwa tupu. Nilizichukua mimi kandambili zake. Nilikuwa namtania."

Hakuna aliyemtukana. Alichokuwa anakiogopa mama hakikutokea, si siku hiyo angalau. Fundi Cherehani aliziba uso kwa mikono yote miwili. Mzee mmoja alianza kusema kitu kuhusu mapenzi ya Mungu, akaachia njiani. Nje ya uzio Afisa Mazingira alikuwa amefika na kusimama kando ya vile viti, naye aliyasikia yote, na hakuonyesha hata kidogo furaha ya mtu aliyeshinda.

Inspekta alitoa simu, akampigia mkuu wa kituo. Alisema mzee aachiwe. Alisema sababu ni ndefu, ataieleza akifika. Alisema pia mtu amtafutie mzee shati la kuvaa arudi nalo kwake, asipite mtaani na lile koti, mpaka habari isambae. Alipokata simu, Dereva alikuwa mbele yake, amenyoosha mikono, viganja juu, vifundo vimekaribiana.

"Nifunge," alisema.

"Shusha mikono, kaka."

"Nifunge, twende."

"Siwezi. Hakuna kosa la kukufungulia mashtaka. Kuficha kandambili za mkeo si kosa kwa sheria yoyote ninayoijua."

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Dereva hakushusha mikono.

"Lipo," alisema. "Haiwezekani lisiwepo. Mtu amekufa." Machozi yalikuwa yanashuka ndevuni na hakuyafuta, kwa sababu hakutaka kuiondoa mikono pale ilipo. "Kazi yako si kutafuta, Inspekta? Basi litafute. Tafadhali. Litafute vizuri."